Kisiwa Kisicho na Kisima: Hoteli, Maji na Umeme katika Historia ya Unguja

Katika Kiswahili cha mitaani, kutoka Mombasa hadi Kigoma, neno hoteli halina maana moja. Mtu akikuambia kwamba anakwenda hotelini kunywa chai, usidhani kuwa amekodi chumba. Anakwenda penye mabenchi, chapati na sufuria ya supu. Pa kulala panaitwa gesti, au nyumba ya wageni. Katika somo letu la leo la nchi jirani nitazungumzia hoteli ya aina nyingine, ile ya watalii, yenye kiyoyozi katika kila chumba, bwawa la kuogelea, shuka zinazofuliwa kila siku, na nyasi ambazo hubaki kijani hata wakati wa kiangazi. Hoteli ya namna hii hula umeme na kunywa maji kuliko kijiji kilicho jirani yake. Mahali pa kuitazama vizuri ni Unguja, kisiwa kikuu cha Zanzibar, kwa sababu kisiwani hakuna pa kujificha: maji yakiisha, hakuna mto wa kukimbilia, na kwa miaka mingi, waya wa umeme ulipokatika, hapakuwa na mwingine.

Tuanze na nyumba, kwa kuwa wazee wa pwani walikuwa na njia zao za kupambana na joto kabla ya kiyoyozi kubuniwa. Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake ni nene sana, hivyo huchukua muda mrefu kupata joto, na joto la mchana huchelewa kufika ndani. Dari ilishikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwi ndefu, vyumba vilikuwa vyembamba na virefu. Katikati uliachwa uwanja ulio wazi ambao hewa moto ilipandia na kutoka. Vichochoro navyo vilikuwa vyembamba kiasi kwamba nyumba moja iliitilia kivuli nyenzake. Wageni wa leo hudhani kwamba vichochoro vile ni dalili ya mji uliokua bila mpango. Mimi naona ni mpango mzuri kuliko wa barabara pana za lami zinazochomwa na jua kutwa nzima.

Hata maji ya mji yalikuwa na historia yake ya heshima. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga mifereji na mabomba yaliyoleta maji ya chemchemi mjini, na wakazi wakayapata bila malipo. Yeye ndiye aliyejenga mabafu ya Hamamni, na mwaka 1883 jumba la Beit al-Ajaib, ambalo lilikuja kuwa la kwanza Zanzibar kupata taa za umeme na lifti. Jina lake kwa Kiswahili ni Nyumba ya Maajabu, na ajabu mojawapo ilikuwa hiyo taa isiyohitaji mafuta. Tangu siku zile umeme ulikuwa kitu cha fahari. Kwa mtu wa kawaida kikawa kitu cha kusubiri.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa miaka mingi Zanzibar haikutegemea watalii. Karafuu ndiyo iliyoleta fedha za kigeni, na hoteli kubwa ya serikali, Bwawani, ilitosha kwa wageni wachache waliokuja. Umeme ulitoka katika mitambo ya dizeli hadi mwaka 1980, kebo ilipolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, mpaka Fumba upande wa Unguja. Kebo hiyo ilikuwa na uwezo wa megawati 45, na wakati ule ilionekana kwamba ni kubwa kupita mahitaji. Kisha bei ya karafuu katika soko la dunia ikaanguka. Mwaka 1986 ikatungwa sheria ya kulinda vitega uchumi, na mwaka 1992 ikaundwa Kamisheni ya Utalii. Katikati ya miaka ya 1980 wageni walikuwa wapatao 20,000 kwa mwaka. Mwaka 2019 walipita 500,000. Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani, vilivyokuwa vijiji vya wavuvi na wakulima wa mwani, vikazungukwa na kuta za hoteli.

Tatizo la kwanza kujitokeza lilikuwa la maji. Chini ya Unguja hakuna ziwa, bali kuna tabaka la maji baridi ya mvua yaliyopenya katika mawe ya matumbawe, nayo huelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi. Pampu ikivuta polepole, mvua ya masika na ya vuli hurudisha kilichopungua. Ikivuta kwa pupa, maji ya chumvi hupanda juu, na kisima kikishaingia chumvi huchukua muda mrefu sana kupona. Upande wa mashariki wa kisiwa, ambako hoteli nyingi zilijengwa, tabaka hilo ni jembamba. Mwaka 2001 mtafiti Stefan Gössling alichapisha utafiti alioufanya huko: mtalii mmoja alitumia kwa wastani lita 685 za maji kwa siku, na mwenyeji lita 48. Nawaomba wanafunzi wangu wazisome tena tarakimu hizo polepole, kwa maneno: mia sita themanini na tano, arobaini na nane. Mtalii hanywi lita zote hizo wala haziogi zote. Katika hoteli kubwa karibu nusu ya maji ilimwagiliwa bustani, na sehemu nyingine ikaingia katika bwawa la kuogelea, hatua chache tu kutoka baharini. Hapo hatuzungumzii tena ukarimu. Mwanamke wa kijiji aliyeamka alfajiri kuchota maji na kukuta kisima kimegeuka magadi amelipia nyasi za mtu mwingine.

Tatizo la pili lilikuwa umeme, nalo lilijitangaza kwa kishindo. Tarehe 21 Mei 2008 umeme wa kutoka bara ulikatika, na Unguja nzima ikakaa gizani kwa muda wa karibu mwezi mmoja, hadi katikati ya Juni. Kebo ilitengenezwa, maisha yakaendelea. Desemba 2009 ikaharibika tena, safari hii kwa miezi mitatu, hadi Machi 2010. Sisi tulio Uganda tunajua kidogo ladha ya jambo hilo. Mwaka 2005 na 2006, maji ya Ziwa Viktoria yaliposhuka na bwawa la Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954, likashindwa kuzalisha umeme wa kutosha, tulikaa gizani kwa zamu. Lakini zamu ni zamu, maana kesho taa zitawaka. Unguja hapakuwa na zamu. Na kwa kuwa pampu za maji za mji huendeshwa kwa umeme, mabomba nayo yalikauka. Watu walirudi kwenye visima vya zamani na ndoo vichwani.

Hoteli kubwa zilikuwa na jenereta. Ziliunguruma usiku na mchana, zikichoma dizeli iliyosafirishwa kutoka ng'ambo, na gharama zikapanda vibaya. Hoteli ndogo zisizo na uwezo huo zilifunga vyumba au ziliwasha jenereta saa chache za jioni. Kwa mwanahistoria, ile miezi minne ya giza ni kama darasa. Kabla yake, mwenye hoteli alilipa bili bila kujua ni kifaa gani kilichokula umeme. Sasa alilazimika kuhesabu kila lita ya dizeli, na hesabu ilimwonyesha kwamba mla umeme mkuu haikuwa taa wala televisheni. Ni kiyoyozi, kisha hita ya maji ya kuoga, kisha friji za jikoni, pampu na mashine za kufulia.

Hapo ndipo zile hatua ambazo leo tunaziita rafiki kwa mazingira zinapoanza kueleweka, kwa kuwa nyingi zilizaliwa na bili, si na mapenzi ya mazingira. Kadi ya mlango inayowekwa katika kisanduku ukutani huzima kiyoyozi mgeni anapotoka na kadi yake. Paneli za sola juu ya paa hupasha maji ya kuoga, na katika nchi zetu hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, kwa sababu jua halitumi ankara. Balbu ya zamani iligeuza karibu umeme wake wote kuwa joto badala ya mwanga, ikimlazimisha kiyoyozi kuliondoa joto lililoletwa na taa. Kwa hiyo aliyebadilisha balbu alipata nafuu mara mbili. Mpaka wa bustani ukipandwa miti ya pwani inayovumilia chumvi badala ya nyasi, bomba la kumwagilia hufungwa. Wala hakuna uchawi katika hayo. Babu aliyejenga ukuta mnene na kuacha uwanja wazi katikati angeyaelewa yote kwa dakika tano, ila pengine angeuliza kwa nini tulitoboa ukuta wake ili tufunge mashine.

Ni lazima pia niseme juu ya kile kikaratasi kilichowekwa bafuni, kinachomwomba mgeni aokoe dunia kwa kutumia taulo moja siku mbili. Mwaka 1986 Mmarekani Jay Westerveld, baada ya kuona kikaratasi cha namna hiyo katika hoteli ya kisiwa kimoja cha Pasifiki, aliandika makala akitumia neno ambalo tangu hapo limeenea duniani kote. Kwa Kiswahili tungesema kujipaka kijani. Hoja yake ilikuwa kwamba hoteli ile iliokoa gharama za dobi huku ikiendelea kupanuka na kuharibu palepale ilipo. Nakubaliana naye nusu. Taulo lisilofuliwa bila haja limeokoa maji ya kweli, sabuni ya kweli na umeme wa kweli, na kisima hakiulizi nia ya mtu aliyefunga bomba. Lakini hoteli yenye kikaratasi bafuni na bwawa la maji baridi ufukweni inatudai heshima ambayo haijaifanyia kazi.

Sasa twende kwenye kisiwa chenyewe nilichokitaja katika kichwa cha makala hii. Chumbe ni kisiwa kidogo cha matumbawe, hekta 22 hivi, kusini-magharibi ya mji wa Zanzibar. Hakina kijito, hakina kisima, na chini yake hakuna maji baridi. Mwaka 1904 Waingereza walijenga hapo mnara wa taa wa kuongoza meli, ukawa na mlinzi wake, na karibu yake upo msikiti mdogo wa zamani. Zaidi ya hao, hakuna aliyeishi Chumbe. Uvuvi nao ulikuwa mdogo upande wa magharibi, kwa kuwa eneo lile lilikuwa karibu na njia ya meli na la jeshi, na wavuvi wengi hawakuruhusiwa kukaribia. Ndiyo maana, wakati miamba mingine ya karibu na mji ilipokuwa imevunjwa na baruti na nanga, mwamba wa Chumbe ulibaki mzima.

Mwaka 1991 Sibylle Riedmiller, mwanamke wa Kijerumani aliyekuwa amefanya kazi za maendeleo na elimu katika nchi mbalimbali, alianza kuishawishi Serikali ya Zanzibar iuhifadhi mwamba huo. Wazo lake lilikuwa geni: hifadhi isitegemee fedha za serikali wala za wafadhili wa nje, bali ijilipie yenyewe kwa nyumba chache za wageni. Vibali vilitoka katika idara kadhaa na vilichukua miaka. Tarehe 24 Desemba 1994 mwamba wa magharibi ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi, na ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari duniani kusimamiwa na kampuni binafsi. Wavuvi wa vijiji vya karibu waliajiriwa na kufundishwa kuwa walinzi. Hawakupewa bunduki. Kazi yao ilikuwa kumfuata mvuvi aliyepotea njia, kumsalimia, na kumweleza kwamba samaki wanaozaana ndani ya mpaka ndio atakaowavua nje yake. Unaweza kusema kwamba walifundisha uraia juu ya maji.

Nyumba za wageni ni saba tu, nazo zilifunguliwa mwaka 1998. Kila moja ina paa kubwa la makuti, na paa hilo ndilo kisima. Mvua ya masika huteremka juu yake, hupita katika mchujo wa mchanga na changarawe, na kuingia katika tangi lililojengwa chini ya sakafu. Mfanyakazi huyapandisha maji kwa pampu ya mkono, na jua huyapasha. Yakishatumika kuogea, hayaachwi yakimbilie baharini, kwa maana sabuni na mbolea hurutubisha mwani unaoyafunika matumbawe. Yanapelekwa kwenye kitalu kilichozibwa chini, ambamo mimea yenye kiu huyanywa. Vyoo havitumii maji kabisa, bali majani makavu, na kinachobaki hugeuka mboji. Taa huwashwa kwa umeme wa jua. Kiyoyozi hakipo, ila mgeni analala juu, chini ya paa, na ukuta wa mbele hushushwa ili upepo wa bahari uingie, wa kaskazi au wa kusi kwa majira yake. Njia za msituni hazina taa, hivyo mgeni hubeba tochi, na humo hukutana na wale kaa wakubwa wapandao minazi ambao katika sehemu nyingi za dunia wamekwisha kuliwa. Paa nunga, mnyama mdogo adimu wa misitu ya pwani, naye aliletwa hapo ili apate kimbilio.

Miezi ile ya giza ya 2008 na 2010, nyumba hizo saba hazikuwa na kebo ya kukatika.

Sisemi hivyo ili kuwacheka wengine. Kulala Chumbe ni ghali, na vyumba saba haviwezi kulisha kisiwa cha Unguja. Anayeajiri watu mia tatu Nungwi atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama hesabu ya Chumbe inaweza kufanyika katika hoteli ya vyumba mia mbili. Jibu langu ni kwamba vyoo vya mboji pengine haviwezi, lakini paa la kuvunia mvua, paneli za maji moto na bustani isiyokunywa vinaweza, na vipo tayari katika baadhi ya hoteli za pwani. Tena Chumbe ilifanya jambo ambalo hoteli nyingi hazikulifikiria: fedha za wageni zililipia safari za wanafunzi wa shule za Zanzibar, maelfu yao kwa miaka, waje waone mwamba. Wengi walikuwa watoto wa kisiwani ambao hawakuwahi kutia uso chini ya maji, wasichana hasa. Mwaka 2000 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliitunuku Chumbe tuzo yake ya Global 500.

Majirani nao hawakukaa kimya. Kenya ilianzisha mwaka 1996 jumuiya ya utalii unaojali mazingira, ambayo leo inajulikana kwa jina la Ecotourism Kenya, na tangu 2002 hukagua hoteli na kambi na kuzipa daraja za shaba, fedha na dhahabu kwa jinsi zinavyotumia maji, nishati na taka zao. Faida ya daraja ni kwamba mgeni hahitaji kuamini kikaratasi cha bafuni. Kuhusu mifuko ya plastiki, Zanzibar iliipiga marufuku mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya 2017 na Tanzania bara 2019. Uganda tulitunga sheria yetu mwaka 2009, na kaveera bado inapepea katika mitaro ya Kampala. Nitaliandikia hilo makala yake, kwa hasira zake.

Unguja ilipata kebo mpya ya megawati 100 mwaka 2013, kwa msaada wa Marekani. Hofu ya giza ikapungua, na pamoja nayo, nadhani, ile bidii ya kuhesabu. Umeme unaofika Fumba hutoka bara, katika mabwawa ya mito na katika gesi asilia inayochomwa, kwa hiyo kiyoyozi kinachoachwa kikivuma katika chumba kitupu cha Kiwengwa kina moshi wake mbali na macho ya mgeni. Na joto la moshi huo, pamoja na la mamilioni ya mashine nyingine duniani, huishia kwa sehemu kubwa baharini. Mwaka 1998, mwaka uleule Chumbe ilipofungua nyumba zake, maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida na matumbawe kutoka Maldivi hadi pwani yetu yakageuka meupe. Yale ya Chumbe yaliguswa, mengine yakafa, mengi yakapona. Mwaka 2016 weupe ulirudi. Wavuvi wa zamani waliokuwa walinzi walishuka majini na vibao vyao vya kuandikia, wakahesabu matumbawe moja baada ya jingine, yaliyo hai upande huu na yaliyokufa upande huu.